Vipimo vya Miili ya Askari

Vipimo vya miili ya askari ni takwimu za kimo, urefu wa kiwiliwili, upana wa mabega na mzingo wa kichwa, ambazo wabunifu huzitumia kusanifu shanta, kofia za chuma na fulana za kuzuia risasi. Mtafiti Gilbert Daniels alichambua vipimo vya marubani 4,063 wa Marekani vilivyochukuliwa mwaka 1950, na hakuna hata mmoja aliyekaribia wastani katika vipimo vyote 10 alivyoteua. Kiti kilichosanifiwa kwa wastani huo, yaani kwa “rubani wa kawaida”, kwa hiyo, hakikumfaa yeyote. Kwa mabaharia wa jeshi la Kenya walioko Mtongwe, Likoni, suala hili la vipimo si nadharia tupu: fulana ikizidi urefu wa kiwiliwili, mvaaji akiketi ukingo wa juu wa fulana hupanda hadi kidevuni, na shingo hushindwa kugeuka.