Hongo, Bakshishi na Asante: Zawadi ya Msafiri kwa Amhudumiaye

Miongoni mwa hoja za midahalo zilizotufikia kutoka kwa vijana wa sekondari wa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, ipo moja iliyotushangaza kwanza na kutufikirisha baadaye: je, yampasa abiria wa ndege kuwapa wahudumu wa ndege zawadi ndogo? Tulishangaa kwa kuwa mtu wa Mwanhuzi atakaye kupanda ndege aghalabu huanza safari yake kabla ya mapambazuko, ndani ya basi liendalo Mwanza, na wengi katika wilaya ile ya pamba na ng'ombe hawajapata kuketi ndani ya ndege. Lakini tulipolitazama swali hilo kwa makini tuliona kwamba ni la kale sana. Ni swali la msafiri na yule amfikishaye aendako, nalo liliulizwa katika nchi hii kabla ya kuwapo basi wala reli. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu kwa njia ya historia.

Tuanze na neno hongo. Leo halitamkwi mbele za watu ila kwa kulaaniwa. Katika karne ya 19, hata hivyo, hongo ilikuwa ada ijulikanayo wazi: ushuru ambao msafara uliutoa kwa mtemi wa nchi unayoipitia, ili upite kwa amani, uteke maji na kununua nafaka. Ilitolewa kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga, na kwa nyaya za shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zikafanya doti moja. Ugogo ndiko hongo ilikosifika kwa uzito wake, kwa sababu maji huko ni haba, na kila msafara ulikuwa na vinywa vingi. Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wawili waliandika malalamiko marefu juu yake. Wao waliiona kuwa ni unyang'anyi mtupu. Sisi hatukubaliani nao. Aliyechimba kisima katika nchi kavu ana haki ya kuulizwa kabla mamia ya wageni hawajakikausha.

Tena hongo ya siku zile haikufanywa gizani. Wajumbe wa mtemi na wakuu wa msafara walijadiliana, pengine siku nzima, pengine siku mbili, na wapagazi wote waliokaa kivulini wakingojea walijua ni doti ngapi zimedaiwa na ngapi zimetolewa. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, habari ya ushuru wa njia ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa, nayo ilijulikana mpaka Unguja. Utawala wa kigeni ulipowanyang'anya watemi mamlaka juu ya njia zao, ada ile ya wazi ilikufa. Twadhani hapo ndipo neno lilipobaki bila kazi, likatafuta kazi nyingine. Nayo kazi iliyopatikana ilikuwa ya siri.

Bakshishi ina nasaba nyingine. Neno lenyewe limetoka Uajemi, ambako asili yake ni kutoa au kukirimu, nalo lilifika kwetu na biashara ya Bahari ya Hindi. Lilikuwa likisikika sana katika misafara, na hapa ndipo Wasukuma na Wanyamwezi waingiapo katika habari yetu, kwa maana wao ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa barabara ya kati. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, na juu ya huo mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kutoka pwani hadi Tabora palikuwa na mwendo wa miezi. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, jirani na Tabora, mwezi wa Novemba. Mpagazi huyo alikuwa na vitu vitatu vya kutazamia. Kwanza ujira wake, uliopatanwa kabla ya safari. Pili posho, yaani chakula cha kila siku au nguo na shanga za kukinunulia. Tatu bakshishi, yaani ng'ombe wa kuchinja au nguo ya ziada, iliyotazamiwa baada ya kuvuka mahali pagumu au mwisho wa safari.

Twaomba walimu wawasimamishe wanafunzi hapo kidogo, maana ndipo penye kiini. Bakshishi ilikuwa ya tatu. Haikuwa badala ya ujira wala badala ya posho. Tajiri aliyejaribu kupunguza posho kwa kuahidi bakshishi aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenye mizigo wamekwenda zao. Watu wengi husoma habari za wapagazi wakidhani walikuwa wanyama wa kubebeshwa. Kumbe walikuwa wafanyakazi waliojua hesabu.

Desturi za makwetu nazo zinashuhudia jambo hilo. Pwani, mwanafunzi aliyehitimu kwa fundi au mwalimu wake alimpa kilemba. Fundi aliyemaliza kazi alipewa kiinua mgongo, kwa kuwa ameinama muda mrefu na sasa inampasa kunyoosha mgongo wake. Neno hilo lilipendeza hata Serikali ikalichukua, na leo mtumishi hulisoma katika barua yake ya kumaliza utumishi. Wachache tu hukumbuka kwamba lilizaliwa katika karakana. Usukumani vijana walikusanyika kulima shamba la mtu kwa nyimbo na kwa mashindano ya jembe, na mwenye shamba aliwaandalia chakula, au akatoa mnyama, wakala pamoja. Hakuna aliyeitwa pembeni kutiliwa kitu mfukoni. Na asante yenyewe ilisemwa kwa sauti: wabeja!

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928, na upagazi wa masafa marefu ukafa. Bakshishi haikufa, ilihamia katika mahoteli, melini na katika nyumba za wakubwa, ambako mtu mzima mwenye watoto aliitwa boi na kurushiwa senti. Huo ndio urithi uliowachukiza vijana wa kizazi cha Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1970 palikuwa na majadiliano makali magazetini juu ya utalii katika nchi ya Kijamaa, na insha zake zikakusanywa katika kitabu mwaka 1973. Waliopinga utalii waliogopa kwamba utatuzalishia taifa la watu wa kuinama na kupokea. Hofu yao ilikuwa na msingi, ingawa twaona walizidisha kidogo: kuinama kunaletwa zaidi na mshahara mdogo kuliko na mgeni.

Ushahidi wa maneno hayo twaupata mbali, katika treni za Marekani. Kampuni ya Pullman iliyokuwa na mabehewa ya kulala iliwaajiri watu weusi, wengi wa kwanza wakiwa wametoka utumwani, ikawalipa kidogo sana kwa kuwa abiria watawapa bakshishi. Abiria waliwaita wote kwa jina moja, George, ambalo ni jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mhudumu alilazimika kucheka hata alipotukanwa, maana chakula cha watoto wake kilikuwa mfukoni mwa mtukanaji. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya mapambano, mwaka 1937, kampuni ikatia sahihi mkataba nao. Walichokitaka kilikuwa mshahara wa kumtosha mtu, ili bakshishi irudi kuwa ya tatu.

Kwetu jambo hili liko hai mlimani Kilimanjaro. Wapagazi wa leo, waitwao wagumu, huchukua mzigo usiopaswa kuzidi kilo 20, na mwisho wa safari wageni huwapa bakshishi. Penye makampuni ya haki hutolewa hadharani, kila mmoja akijua fungu lake, wakiimba. Penye makampuni mengine mshahara hupunwa kwa kisingizio cha bakshishi, na mgeni hujiona mkarimu kumbe anamlipia tajiri deni lake. Wala basi la kwetu halijaepukana na mchezo wa namna hii: katika mikahawa mingi ya njiani dereva, kondakta na utingo hula bila kulipa, kwa sababu wamewaleta abiria, na abiria hulipa wali kwa bei ambayo hawangeikubali pengine popote. Mwenye mkahawa akitoa sahani ile huiita ukarimu.

Sasa turudi kwenye ndege. Mwaka 1930 Ellen Church, Mmarekani, alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya uhudumu wa ndege, naye alikuwa muuguzi, pamoja na wenzake wa kwanza. Basi kazi ile ilianza na watu waliofunzwa kulinda uhai, na chai ilikuwa nyongeza. Sisi tuliokulia katika nchi yenye twiga wa Shirika la Ndege la Tanzania, lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki, tumezoea kumwona mhudumu kama mgawa vinywaji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. 24 waliokoka, na wavuvi walikuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Siku kama hiyo ndiyo huonyesha maana ya maelezo yale yatolewayo kabla ya kuruka, ambayo abiria wengi huyasikiliza huku wakitazama dirishani. Kijana mmoja mvuvi alitunzwa fedha mbele ya umma, na akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alitunzwa baada ya tendo, na taifa zima likishuhudia. Na hatukumsikia mtu aliyeiita hongo.

Katika nchi za ng'ambo imezuka desturi ya abiria kuingia na kasha la peremende na kumkabidhi mhudumu mlangoni. Wengi hufanya hivyo kwa moyo safi. Hata hivyo wapo wanaotazamia kuhamishwa kiti au kuongezewa kinywaji, na hao wametoa hongo, hata kama ni ya sukari. Nasi tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa mhudumu wa ndege ya shirika la umma ni mtumishi kama sisi. Kanuni za utumishi wa umma zinamkataza mtumishi kuomba au kupokea zawadi iwezayo kumfanya apendelee mtu. Sheria za kuzuia rushwa tumekuwa nazo, ile ya 1971 na kisha ile ya 2007. Tena tumeonja hatari ya maneno matamu: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikamruhusu mgombea kutoa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikayatangua masharti hayo kuwa yanapingana na Katiba. Takrima maana yake ni heshima na ukarimu. Neno lilikuwa zuri. Wakati wa kuitoa ndio uliokuwa mbaya, kabla ya kura.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana wa Mwanhuzi ni hili. Abiria hadaiwi chochote. Nauli yake imelipa ujira, na posho ni juu ya mwajiri. Asiyetoa asionekane mchoyo, wala asihudumiwe kwa uso uliokunjwa, maana huyo aliyeketi karibu na mlango wa nyuma na kikapu chake huenda ameuza mbuzi apate tikiti. Fedha taslimu zisitolewe ndani ya ndege kabisa. Lakini atakaye kutoa kitu kidogo, na atoe wakati wa kushuka, baada ya kazi, kwa wote pamoja na si kwa mmoja aliyempendeza. Kiwe kitu cha kuliwa kilichofungwa vizuri dukani, kwa kuwa watu wa ndege wana tahadhari na chakula: aghalabu hata rubani na mwenziwe hawali chakula cha aina moja, wasije wakaugua pamoja. Na mhudumu akikataa kwa sababu ya amri za kazi yake, abiria asione kuwa amedharauliwa.

Liko jambo moja zaidi, ambalo walimu wa Kiswahili wanaweza kulifanya zoezi la darasani: barua. Mhudumu aliyemsaidia mzee kufunga mkanda, au aliyemtuliza mtoto aliyelia tangu Mwanza hadi Dar es Salaam, anaweza kuandikiwa sifa zake kwa mwajiri, kwa jina, tarehe na nambari ya safari. Barua hiyo huingia katika jalada lake, na siku ya kupandishwa cheo husomwa. Sisi tuliofanya kazi miaka mingi katikati ya majalada twajua barua za malalamiko zilivyo nyingi humo na za shukrani zilivyo chache.

Ama matobolwa, ambayo vijana hao walitaka kujua kama yanafaa kupewa wahudumu, kwa kuwa ndiyo zawadi ya mtu wa Meatu aendaye mbali: viazi vyema, vilivyochemshwa na kukaushwa juani, vyenye utamu wa kudumu. Yasafiri salama katika mfuko, yakaliwe na mwenyeji anayewapokea huko waendako.