Kiapo cha Wazee na Karatasi ya Mgeni

Vijana wengi wa Handeni na Korogwe hutujia na swali moja: je, jina la babu wa babu yetu limeandikwa po pote? Vitabu vya ubatizo twavijua. Lakini kuna karatasi nyingine za zamani, nazo zahusu ahadi ya utii.

Mwezi wa Novemba 1884 Mdachi Karl Peters alitoka Sadani pamoja na wenzake, akazunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Katikati ya Desemba alikuwa amekwisha rudi pwani na hati 12. Majuma sita hayakutimia. Hati hizo zilinena kwamba wazee wamempa yeye na chama chake nchi yao milele. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Wadachi alizitegemea kutoa hati yake ya ulinzi, na Uzigua imo, imeandikwa “Useguha”.

Bassi, wazee wenyewe walidhani wanafanya nini? Peters aliandika ya kuwa alichanjiana damu na baadhi yao. Kwao hicho ndicho kiapo. Aliyechanjiana nawe ni ndugu, wala ndugu hamnyang’anyi ndugu yake nchi kwa zawadi chache. Karatasi ilikuwa ya Kidachi, wasiyoweza kuisoma. Hati moja ya Nguru yasema kwamba mzee hakujua hata kama yuko Sultani wa Unguja. Na misafara ya pwani ilipita huko miaka yote! Atakaye kuamini na aamini.

Kwa hiyo mwenye kuona katika hati hizo jina lifananalo na la mzee wake asione haya, wala asijivune upesi. Liliandikwa kwa sikio la mgeni. Pengine ni cheo, pengine ni jina la mji. Na alisome kwa sauti mbele ya wazee wa ukoo, na akina bibi wasisahauliwe, maana wao hukumbuka nani alizaliwa na nani. Kisha afungue kitabu cha ubatizo, atazame jina la baba, la mama, la kijiji na la wadhamini. Asitafute jina la Kikristo peke yake: baba wa mbatizwa wa kwanza hakuwa nalo.

Majalada ya Wadachi yaliyosalia yako katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengine Berlin. Humo Lushoto huitwa Wilhelmstal, na habari za Uzigua yafaa zitafutwe chini ya Pangani pia. Lakini mchwa hawangoji safari ya Berlin. Walimu wanaotunza vitabu vya makanisa yetu na wanakili kwanza kurasa zilizoanza kuraruka.