"Malaika" mdomoni mwa wengine

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba "Malaika" haukuanza na Miriam Makeba. Nyumbani tulikuwa na kaseti yake, na kwetu watoto hesabu ilikuwa rahisi: aliyeimba ndiye mwenye wimbo. Siku niliyosikia rekodi ya Fadhili William na Jambo Boys, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, nilishangaa. Gitaa halina haraka, sauti haipandi sana, ni kama mtu anaongea na aliyekaa karibu naye.

Ukiusoma kama shairi, kisa ni kifupi mno. Kijana anampenda binti, angemwoa, ila mali hana. Fadhili anauimba kwa unyonge wa mtu aliyekwisha kuhesabu hela zake akaona hazifiki.

Mwaka 1965 Makeba na Harry Belafonte waliurekodi pamoja kwenye albamu iliyokuja kushinda tuzo ya Grammy. Baadaye Makeba aliendelea kuuimba peke yake majukwaani, na hapo ndipo wimbo unapogeuka. Kwa mila zetu nyingi mwanamke hatoi mahari. Sasa huyu anayelia ukata ni nani? Mimi humsikia binti mwenyewe, aliyekosa mume kwa sababu ya bei waliyoipanga wazee wake. Kisa ni kilekile, mwenye kulia ndiye aliyebadilika.

Kuna waliourudia bila kujali kilio hicho. Hep Stars wa Sweden waliuimba miaka hiyohiyo ya 1960, na Boney M. wakautia disko mwaka 1981. Huo wa Boney M. nimeucheza harusini, sikatai, lakini jamani, yule kijana maskini kaenda wapi? Angélique Kidjo, mwaka 1991, alimrudisha. Anautuliza wimbo, anauacha upumue.

Kuhusu nani aliyeutunga, ugomvi ni mrefu. Fadhili alidai ni wake. Adam Salim wa Tanzania naye alidai hivyohivyo, na Mombasa hutajwa Lucas Tututu. Wimbo ulizunguka dunia kabla watu hawa hawajakubaliana, na pesa za hakimiliki nazo zikawa na njia zake. Fadhili alifariki mwaka 2001.

Ile kaseti ya nyumbani ilikuwa na jina moja tu juu yake, la Makeba. Mtunzi hakuandikwa, na hakuna aliyeuliza.