Aliyeungama Asigeuzwe Windo

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na Dkt. Bob Smith, walianza kusaidiana waache pombe. Hapo ndipo vilipozaliwa vikundi vya Alcoholics Anonymous. Katika miaka hiyohiyo uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ukavuka mpaka hata kwetu Kagera. Walokole hawakuwa na habari za Akron, lakini njia ilifanana: watu huketi pamoja, mmoja akasimama na kuungama, wenzake wakampokea. Wengi waliacha rubisi kwa njia hiyo.

Lakini historia ina upande wa pili. Anayeungama huweka udhaifu wake wote mikononi mwa wasikilizaji, na si kila msikilizaji ni ndugu. Vikundi vya Marekani vilikuwa na hatua 12 za kupona; wanachama wenyewe wakaongeza msemo wa mzaha, "hatua ya kumi na tatu," maana yake mkongwe kumtongoza mgeni. Mzaha ukafunika dhambi. Hata kanuni ya kutotaja majina, iliyowekwa imlinde mnyonge, iliweza kumficha mwindaji.

Nasi wa Ngara na Biharamulo tusijione salama. Mama anayetaka kuacha gongo hufika kikundini akitetemeka, hana nauli, nyumbani amechokwa. Ndugu aliyepona zamani humwita "dada," humwahidi kibarua, kisha humsindikiza gizani. Tumemsikia mama mmoja akisema alirudi kilabuni, kwa kuwa kule angalau alijua nani wa kumkwepa. Neno hilo lilituhukumu.

Tukumbuke nyumba ya Eli. Wanawe waliwaharibu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli alisikia, akawaonya kwa maneno tu, akawaacha madhabahuni. Hukumu ilimfikia yeye pia.

Basi akina mama waungame mbele ya akina mama. Mgeni asisindikizwe na mwanamume peke yake. Wazee wawili wa usharika, mmoja wao mwanamke, wapokee malalamiko. Penye kosa la jinai, twende naye Dawati la Jinsia polisi, tusimalize kwa sala ofisini. Mkosaji akitubu, asamehewe. Lakini msamaha haumrudishii uongozi wa kikundi.

Siri ya ungamo ni ya aliyeungama. Haikuwekwa kamwe kwa ajili ya aliyemwinda.