Tumbo la Kagongwa na barua za mwaka 1929

Nilikuwa nyumbani Kagongwa, na katika maongezi mama akanikumbusha habari ya mdogo wangu. Mwaka 2003, kabla hajafikisha miaka miwili, aliharisha na kutapika mpaka akawa analia bila machozi. Majirani wakasema ni meno ya plastiki, apelekwe akang'olewe. Mama akagoma. Akachemsha maji lita moja, yakapoa, akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akamnywesha kidogo kidogo usiku kucha. Akapona. Leo ni fundi pikipiki na ana maneno mengi.

Ule mchanganyiko una historia yake. Utumbo ukishambuliwa na vijidudu hushindwa kushika maji, lakini sukari bado hupita, huivuta chumvi, na maji hufuata. Mwaka 1968 kule Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kuokolewa kwa kunywa, dripu zikatumika chache. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis akaitumia dawa hiyo kwa wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India. Ndiyo hizi paketi za ORS za zahanati.

Sawa, mtoto kapona. Kesho anakunywa nini? Sisi tulichota kwenye lambo tulilogawana na ng'ombe, wakati Ziwa Victoria liko hapo kaskazini yetu!

Hapo ndipo linapoingia suala la Mei 1929. Uingereza na Misri zilibadilishana barua, kwamba kwenye Mto Nile na maziwa yake yaliyo chini ya Mwingereza isifanyike kazi yoyote ya kupunguza maji ya Misri bila Misri kukubali. Tanganyika haikuulizwa. Julai 1962 serikali ya Tanganyika ikatamka kwamba makubaliano hayo hayaifungi. Safi sana, ila tamko si bomba. Mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, Misungwi, ulianza miaka ya 2000, na Rais Kikwete akauzindua mwaka 2009. Maji yakafika Shinyanga na Kahama, miaka 80 baada ya zile barua.

Na Kagongwa, pua na mdomo na Kahama mjini? Mradi wa Isaka–Kagongwa ulizinduliwa na Rais Magufuli Januari 2021. Hiyo miaka 12 ya nyongeza tusimsingizie Mwingereza.

Najua kuna mdau atasema si kila tumbo ni maji. Kweli, virusi vya rota havichagui mwenye bomba, ndiyo maana watoto wetu wanapewa chanjo yake tangu 2013.

Siku naondoka nilimkuta mama anachemsha maji ya bomba ya wajukuu. Nikamuuliza kwa nini wakati yanatoka ziwani. Akaniangalia tu, akaongeza mkaa.