Changuu na Gereza: Jina la Kisiwa na Historia Isiyotokea

Meli kubwa ya watalii inapotia nanga mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, abiria wake huwa na saa chache tu za kukaa nchi kavu. Wengi wao huzitumia kuvuka kwa mashua ya mashine hadi kisiwa kidogo kilicho umbali wa kilomita 5 hivi upande wa kaskazini-magharibi, ili wakawaone kobe wakubwa. Mabango ya safari hizo hukiita kisiwa hicho Prison Island, yaani Kisiwa cha Gereza. Jina lake la Kiswahili ni Changuu. Majina haya mawili hayatofautiani kwa lugha pekee, bali kila moja limebeba historia yake, na historia ya moja kati yao haikutokea.

Jina Changuu aghalabu huhusishwa na changu, samaki anayejulikana sana katika maji ya pwani. Ingawa maelezo hayo hayajaufafanua urefu wa irabu ya mwisho, yanaafikiana na desturi ya pwani ya kupaita mahali kwa kile kinachopatikana hapo. Ni jina la mvuvi.

Jina la pili ni la mtawala. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Waziri wa Kwanza katika serikali ya Sultani, aliamuru gereza lijengwe kisiwani humo. Jengo lilisimama, lakini halikupata kupokea mfungwa. Badala yake kisiwa kikafanywa karantini: wasafiri wa majini walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza walizuiliwa humo kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Hivyo basi, kama kisiwa kingeitwa kwa kazi iliyofanyika, kingeitwa Kisiwa cha Karantini. Abiria wa meli wanaokwenda huko leo kwa hiari yao wanafuata njia ya abiria waliopelekwa kwa lazima.

Neno gereza lenyewe lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Huko Unguja, Waomani walipowafukuza Wareno mwaka 1698, walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa lao, na katika karne ya 19 ngome hiyo ilitumika kufungia watu. Kanisa, ngome na kifungo vilikutana mahali pamoja. Ngome Kongwe ingali imesimama ikitazamana na Forodhani, karibu na ufuo ambako mashua huondokea. Mgeni hulipita gereza lililofunga watu, akavuka bahari kwenda kulitazama lisilofunga mtu.

Hata kobe wanaomvuta mgeni si wa asili ya kisiwa. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakiwa zawadi ya gavana wa Kiingereza. Walizaana hadi kufikia takribani 200 katikati ya miaka ya 1950, kisha wizi ukawapunguza hata mwaka 1996 wakabaki 7 tu, ndipo wakawekewa ulinzi madhubuti. Mmarekani huweza kuwaita kwa neno lile lile analomwitia mnyama wa baharini. Kiswahili hakichanganyi: wa nchi kavu ni kobe, wa baharini ni kasa, na yule ambaye gamba lake lilikuwa bidhaa ya thamani ni ng'amba. Tofauti hizo ni elimu ya watu walioishi na bahari.

Elimu ya namna hiyo hupotea pale jina la mgeni linapogeuka kuwa jina la mwenyeji. Jina la biashara si kosa; kosa ni kulifanya ndilo pekee. Mtembeza watalii aanzaye na Changuu, kisha akaeleza gereza lisilo na wafungwa na karantini iliyosahauliwa, humpa mgeni kisiwa chenyewe. Aanzaye na kuishia na gereza humwuzia jengo tupu, na mtoto wa mjini anayemsikiliza hurithi utupu huo.