Hesabu za Kuanguka: Historia ya Utafiti wa Uuguzi na Maadili Yake

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mgonjwa aliyeanguka wodini alichukuliwa kuwa amepatwa na ajali, na ajali hiyo iliandikwa na muuguzi wa zamu katika kitabu cha matukio, ikatiwa saini, kisha ikasahauliwa mpaka ndugu walipolalamika au mfupa wa nyonga ulipogundulika kuwa umevunjika. Dhana kwamba kuanguka kuna vyanzo vinavyoweza kuchunguzwa, kupimwa na kuzuiwa ilichelewa kufika hospitalini. Mwaka 1960 daktari J. H. Sheldon wa Wolverhampton, Uingereza, alichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa maanguko 500 yaliyowapata watu 202, akayagawa kwa vyanzo vyake: kuteleza, kujikwaa, kizunguzungu, na miguu kuishiwa nguvu ghafla bila mtu kupoteza fahamu. Kazi hiyo ilifungua njia, lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa, kwa kuwa iliwatazama walioanguka peke yao. Na anayewatazama walioanguka bila kuwalinganisha na wasioanguka hawezi kujua ni jambo gani hasa linalowatofautisha.

Pengo hilo lilizibwa na utafiti wa kiidadi kwa maana yake kamili, yaani utafiti unaokusanya ushahidi kwa kuhesabu na kupima, kisha ukalinganisha makundi kwa kanuni za takwimu. Mwaka 1988 Mary Tinetti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mmoja wazee 336 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waliokuwa wakiishi majumbani mwao, na wakakuta kwamba asilimia 32 walianguka angalau mara moja. Lililo zito zaidi ni kwamba uwezekano wa kuanguka ulipanda kadiri vihatarishi vilivyoongezeka, kutoka asilimia 8 kwa mzee asiye na kihatarishi hata kimoja hadi asilimia 78 kwa mwenye vinne au zaidi. Tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwa uaminifu kwamba kuanguka ni bahati mbaya tu.

Wauguzi nao walikuwa wameanza kutafuta chombo cha kuwatambua mapema wagonjwa walio hatarini. Janice Morse, muuguzi na mwanaanthropolojia aliyefanya kazi hiyo Kanada, alilinganisha wagonjwa 100 walioanguka na 100 wasioanguka, na mwaka 1989 kikachapishwa kipimo chenye vipengele sita ambacho hadi leo kinajazwa katika hospitali nyingi duniani. Jinsi kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza: mgonjwa aliyeanguka karibuni hupewa alama 25, mwenye ugonjwa wa pili huongezewa 15, na mwenye dripu huongezewa 20, hivyo mzee mwenye mambo hayo matatu hufikisha alama 60 kabla hata muuguzi hajamwona akisimama, na hivyo huwa ameupita mpaka wa 45 ambao wodi nyingi huutumia kumhesabu mgonjwa kuwa yuko katika hatari kubwa. Morse aliripoti kwamba kipimo kiliwatambua kwa usahihi asilimia 78 ya walioanguka, sifa inayoitwa unyeti, na asilimia 83 ya wasioanguka, sifa inayoitwa umahususi.

Takwimu hizo mbili zinavutia, na hapo ndipo msomaji wa utafiti anapopaswa kutulia na kukokotoa mwenyewe. Katika sampuli ya Morse nusu ya wagonjwa walikuwa wameanguka, ilhali katika wodi ya kawaida wanaoanguka ni wachache. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kati ya wagonjwa 1,000 wanaolazwa wataanguka 30, kipimo chenye unyeti wa asilimia 78 kitawanasa kama 23 kati yao. Lakini kati ya 970 ambao hawataanguka, asilimia 17, yaani kama 165, nao watatiwa alama ya hatari. Kwa hiyo wodi itakuwa na wagonjwa 188 wenye alama, na kati yao ni mmoja tu kwa kila wanane atakayeanguka kweli, huku saba kati ya wale 30 wakiwa wamepita bila kutambuliwa. Hakuna kosa katika hesabu za Morse. Kosa liko kwa anayezihamisha kutoka sampuli iliyopangwa nusu kwa nusu hadi wodi ambayo haiko hivyo. Kipimo cha Uingereza kiitwacho STRATIFY, kilichochapishwa mwaka 1997, kilikuja kukumbana na tatizo hilohilo kilipopelekwa nje ya hospitali kilikoanzishwa, na mwaka 2013 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ikaelekeza kwamba vipimo vya kutabiri nani ataanguka visitumike kwa wagonjwa waliolazwa. Kwa maelekezo hayo, mgonjwa yeyote aliyelazwa mwenye umri wa miaka 65 au zaidi ahesabiwe kuwa yuko hatarini, na juhudi zielekezwe katika kurekebisha kile kinachomwangusha.

Sura inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu kuliko zote katika historia hii ni ile ya kuwafunga wagonjwa. Kwa miongo mingi, katika hospitali na nyumba za kulelea wazee za Marekani, jibu la kawaida la hatari ya kuanguka lilikuwa mkanda kiunoni, fulana yenye kamba zilizofungiwa kitandani, vifungio vya viganjani, au kiti chenye meza ya mbele ambayo mzee hawezi kuifungua. Mambo hayo yalifanywa kwa nia ya kulinda, na pia kwa hofu ya mashtaka, lakini ushahidi kwamba yalilinda haukuwapo. Wauguzi Lois Evans na Neville Strumpf wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ndio waliolivalia njuga suala hili, na katika mapitio yao ya mwaka 1989 walionyesha kwamba desturi iliyoenea kiasi hicho ilisimama juu ya mazoea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 kuhusu nyumba za wazee tayari ilikuwa imempa mkazi haki ya kutofungwa kwa sababu ya adhabu au kwa urahisi wa wahudumu.

Takwimu zilikuja kuunga mkono dhamiri. Mwaka 1992 Tinetti na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakazi 397 wa nyumba 12 za uuguzi: kati ya 275 ambao hawakufungwa, asilimia 5 waliumia vibaya kwa kuanguka, na kati ya 122 waliofungwa, asilimia 17. Mhakiki makini atauliza papo hapo kama waliofungwa hawakuwa dhaifu zaidi tangu mwanzo, na swali hilo ni la haki, kwa sababu kinachoitwa kigezo vurugishi, yaani sababu ya tatu inayoathiri matibabu na matokeo kwa pamoja, ndicho adui mkuu wa tafiti za kufuatilia. Watafiti walirekebisha tofauti hizo kwa takwimu na uhusiano ukabaki. Hata hivyo njia ya hakika zaidi, ambayo ni kuwagawa wazee kwa nasibu ili baadhi wafungwe na wengine waachwe huru, haikuwezekana, na haikupaswa kuwezekana.

Namna Evans, Strumpf na wenzao walivyolivuka gumu hilo inastahili heshima. Katika jaribio lao la mwaka 1997 waligawa kwa nasibu nyumba tatu za wazee badala ya wazee wenyewe, na kilichogawiwa kilikuwa mafunzo: nyumba moja ilipewa elimu kwa wahudumu, ya pili elimu pamoja na ushauri wa muuguzi bingwa, na ya tatu iliendelea kama kawaida. Matumizi ya vifungio yalipungua zaidi pale penye elimu na ushauri, bila wahudumu kuongezwa, bila dawa za kutuliza kuzidishwa, na bila majeraha makubwa ya kuanguka kuongezeka. Nyumba moja kwa kila kundi ni kidogo mno kwa jaribio, kwa kuwa tofauti yoyote ya uongozi ingeweza kuathiri matokeo, na mhakiki hana budi kulisema hilo. Lakini swali liliulizwa bila kumdhuru yeyote ili jibu lipatikane, na hiyo ni sifa ya utafiti kama ilivyo usahihi wa vipimo.

Uangalifu wa namna hiyo una historia yake. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliiweka ridhaa ya hiari mbele ya kila jaribio linalofanywa kwa binadamu, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likawafunga madaktari wanaofanya utafiti. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1963, wagonjwa 22 wa hospitali ya magonjwa sugu huko Brooklyn, wengi wao wazee na dhaifu, walidungwa seli hai za saratani bila kuelezwa kilichomo ndani ya sindano. Tukio hilo na mengine ya aina yake yaliifikisha Marekani kwenye Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, inayodai heshima kwa mtu, kumtendea mema, na haki katika kugawa mzigo na faida za utafiti. Kwa utafiti wa kuanguka, sharti la heshima ni gumu kwa namna ya pekee, kwa sababu wanaoanguka zaidi wodini ni waliochanganyikiwa au wenye upungufu wa utambuzi, na hao ndio wasioweza kutoa ridhaa kamili. Kuwaacha nje ni rahisi kwa mtafiti, ila matokeo yake huwa hayawahusu wale wanaohitaji zaidi.

Kuwaingiza kwa uangalifu kumeleta maarifa ambayo yasingepatikana kwa njia nyingine. Jaribio la Terry Haines na wenzake huko Australia, lililochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha wagonjwa 1,206, lilipima elimu kwa mgonjwa kuhusu kuanguka. Kipimo kilikuwa idadi ya maanguko kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, maana yake jumla ya siku ambazo wagonjwa wote wamelala wodini, ili wodi kubwa na ndogo zilinganishwe kwa haki. Kwa wenye akili timamu waliopata programu kamili kiwango kilikuwa 4.01, na kwa kundi la ulinganisho 8.72, lakini kwa wenye upungufu wa utambuzi, waliopewa programu hiyohiyo walipata maanguko mengi zaidi yenye majeraha. Wastani wa jumla peke yake ungeificha tofauti hiyo.

Majaribio mengine makubwa yaligawa wodi nzima badala ya mgonjwa mmoja mmoja, utaratibu uliozua swali la nani hasa atoe ridhaa, na Tamko la Ottawa la mwaka 2012 likajaribu kulijibu. Muuguzi Patricia Dykes na wenzake, katika hospitali nne za Marekani na wagonjwa 10,264, walionyesha mwaka 2010 kwamba zana ya kompyuta iliyompangia kila mgonjwa hatua zake ilishusha kiwango cha maanguko kutoka 4.18 hadi 3.15, ingawa majeraha hayakupungua. Ving'ora vya vitandani havikuonyesha faida katika jaribio la Ronald Shorr la mwaka 2012 lililohusisha wagonjwa 27,672. Mpango wa Australia uitwao 6-PACK, uliopimwa katika wodi 24 na kuchapishwa mwaka 2016, uliboresha desturi za wauguzi za kuzuia maanguko, lakini maanguko na majeraha hayakubadilika. Matokeo ya namna hiyo yana thamani kubwa kuliko heshima yanayopewa, kwa sababu yanawaokoa wauguzi dhidi ya kazi isiyomsaidia mgonjwa.

Shinikizo lilitoka pia kwenye fedha. Mwezi Oktoba 2008 bima ya serikali ya Marekani kwa wazee iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za majeraha ya kuanguka yanayotokea wodini, na watafiti, akiwamo Shorr mwenyewe, wameonya kwamba shinikizo la kufikia maanguko sifuri linaweza kumbakiza mgonjwa kitandani hadi misuli ilegee. Mgonjwa asiyesimama kamwe haanguki wodini; huenda akaanguka nyumbani, ambako hakuna anayehesabu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ilhali majaribio yote yaliyotajwa hapa yalifanyika Marekani na Australia. Katika wodi za Afrika Mashariki, ambako mara nyingi ndugu ndiye anayemshika mgonjwa mkono kwenda msalani usiku, hesabu hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo. Wauguzi wa hapa watakapoandika tafiti zao, kamati za maadili zizidai takwimu za waliofungwa na za walioweza kutembea pamoja na zile za walioanguka, na zikatae andiko lolote linaloleta za walioanguka peke yake.